TAHADHARI wahitimu: wanakuita usaili wa benki, unafaulu, halafu wanadai hela ya mafunzo. NI MATAPELI

Jamani, hasa wadogo zangu mnaomaliza chuo mwaka huu, naomba mnisome mpaka mwisho maana hii imenikuta mimi mwenyewe na bado inaniuma.

Siku ya ajira pale chuoni si mnajua inavyokuwa, meza kibao na kila meza ina daftari unaandika jina, kozi na namba ya simu. Niliandika kwenye meza kama sita hivi. Wiki mbili baadae napigiwa simu na dada anaongea kistaarabu kabisa, ananiita majina yangu yote matatu, anajua nimesoma uhasibu, anasema yuko idara ya rasilimali watu ya benki moja kubwa (jina silitaji, nao wametumiwa tu) na nimechaguliwa kufanya usaili wa wahitimu wapya. Mtu anakujua hivyo utamkataaje? Sasa hivi ndo nawaza, lile daftari mtu yeyote analipiga picha kwa simu sekunde mbili anaondoka na majina mia.

Usaili ulifanyika ukumbi wa hoteli maeneo ya Sinza. Na hapa ndo nataka mnielewe, ule usaili ulikuwa MZURI. Tulianza na mtihani wa hesabu na kingereza dakika 40, wakatugawa makundi ya watu watano tujadili utamshawishi vipi mfanyabiashara wa Kariakoo afungue akaunti, halafu mmoja mmoja mbele ya watu watatu, kuna baba mtu mzima kavaa miwani alikuwa anaandika kila nilichosema, akanibana kwenye kulinganisha vitabu na taarifa ya benki mpaka jasho likanitoka. Nilivyotoka pale wala sikuwaza wizi, nilikuwa nawaza lile swali la mwisho nimelijibu sawa au nimeharibu. Watu wananiuliza ulishindwaje kushtuka, lakini tapeli tuliyemzoea sisi ni yule wa "ile hela tuma kwenye namba hii", hatujazoea anayekodi ukumbi na kukutungia mtihani.

Siku tatu baadae barua ikaingia WhatsApp. Hongera, mshahara 1,150,000, kuripoti Jumatatu makao makuu. Chini kabisa: lipia 120,000 ya mafunzo ya awali, vipimo vya afya na kitambulisho kabla ya Ijumaa saa kumi jioni, la sivyo nafasi anapewa mtu wa akiba. Namba ya kulipia ikaleta jina la mtu binafsi, nikauliza, wakasema huyo ndo mhasibu wa mafunzo. Boom (hela ya mkopo wa chuo) lilishaisha zamani, mama akanikopea kwenye kikoba chake. Nakala ya NIDA na vyeti vyote nilishawatumia.

Jumatatu saa moja na nusu asubuhi niko mapokezi Posta na suti ya kuazima. Dada wa mapokezi akaisoma barua yangu, akanyamaza, akavuta droo akatoa zingine nne. Zote namba ya kumbukumbu inaishia /017. Yangu /017, za wenzangu /017. Na muhuri haukugongwa, umechapwa pamoja na maandishi, kwenye barua zote tano umeegemea palepale juu ya sahihi ileile. Mzee mlinzi akanivutia kiti, "Pole mwanangu, kaa kwanza unywe maji."

Sasa sikilizeni. Msiangalie sana ukumbi wala suti, hata kampuni za kweli huwa zinakodi kumbi za hoteli. Angalieni hela. Mwajiri anayekutaka hakudai hela ya mafunzo, na kama ni wakala wa ajira, kanuni za 2014 zinamkataza kumtoza anayetafuta kazi. Kazi za serikali unaomba Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira, bure. Ukipigiwa simu ya usaili usirudie kupiga namba hiyohiyo, tafuta namba ya makao makuu kwenye tovuti yao wenyewe upige uulize, au nenda ofisi ya ajira ya chuo uwaulize kama hao watu waliwahi kuomba meza. Mimi ningepiga simu moja tu hiyo mama asingekuwa na deni leo. Na vyeti usitume kabla hujahakikisha.

Kama ulishawapa NIDA kama mimi, piga *106# uangalie kama kuna laini usiyoijua imesajiliwa kwa jina lako. Namba iliyokutapeli itume 15040 bure, halafu nenda polisi uchukue RB (namba ya taarifa uliyoripoti), usione aibu, mimi nilikaa siku nne sijamwambia mtu na ndani ya hizo siku nne binti mwingine wa mwaka wetu akalipa.

Mpaka sasa tumefahamiana watu wanane tuliofanyiwa usaili siku ileile, tuna miamala, tuna barua, na Alhamisi tunarudi kituoni pamoja kwa sababu mmoja mmoja tunaambiwa tu njoo kesho. Kama una barua ya kuripoti inayoishia /017, usilipe, na kama umeshalipa usiufute ule ujumbe wa muamala, njoo nao twende wote.