Mitumba: Rwanda ilishupaa, Kenya ikarudi nyuma

Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba sokoni ifikapo 2019, ili viwanda vya nguo vya kwetu vipumue. Wauzaji wa nguo kuukuu wa Marekani wakalalamika, na AGOA, sheria ya Marekani ya kuruhusu bidhaa za Afrika kuingia huko bila ushuru, ikageuzwa fimbo. AGOA ni hisani, si mkataba: aliyeitoa huichukua apendapo.

Rwanda ilipandisha ushuru wa mitumba kutoka dola 0.20 hadi 2.50 kwa kilo, ikakaza uzi. Julai 2018 nguo zake zikanyimwa msamaha wa ushuru Marekani. Haikuumia sana, maana ilikuwa ikiuza huko kidogo tu.

Kenya ilijitoa mapema katika mpango huo. Viwanda vyake vya EPZ, yaani maeneo maalumu ya kutengeneza bidhaa za kuuza nje, hutegemea soko hilohilo la Marekani, na Gikomba, soko la mitumba la Nairobi, marobota yakaendelea kufunguliwa. Ila kila robota lina nguo zisizovalika, nyingi za nyuzi za plastiki, na baadhi huishia jalala la Dandora.

Siilaumu Kenya. Ila ingeweza kudai nguo zichambuliwe kabla ya kupakiwa melini. Kifungu cha 20 cha GATT, mkataba wa kimataifa wa biashara, kinaruhusu hatua za lazima za kulinda afya, mradi zisiwe ubaguzi usio na sababu wala kizuizi cha biashara cha kificho.