Kitabu cha Hanan Samet Kuhusu Miundo ya Data za Mahali

Kompyuta inawezaje kutaja kituo cha mafuta kilicho karibu bila kupima umbali wa kila kituo nchini? Jibu pana kuliko yote niliyosoma limo katika Foundations of Multidimensional and Metric Data Structures, kitabu cha kurasa zaidi ya 1,000 kilichotolewa na Morgan Kaufmann mwaka 2006. Mwandishi wake, Hanan Samet, alipata shahada ya uzamivu Stanford mwaka 1975, akahamia Chuo Kikuu cha Maryland mwaka huohuo, na sehemu kubwa ya kazi yake imezunguka swali hilo; vitabu vyake viwili vya mwaka 1990 vilikuwa maandalizi ya hiki.

Ninachokipenda zaidi ni kwamba kila mbinu inaelezwa pamoja na gharama yake. Mti wa robo, yaani muundo wa data wenye matawi kama mti, waliouanzisha Finkel na Bentley mwaka 1974, hugawa eneo sehemu nne, na kila sehemu iliyojaa vitu ikagawanywa tena, hata mtaa uliosongamana ukapata vipande vidogo ilhali pori tupu likabaki kipande kimoja kikubwa. Mti wa R, alioubuni Guttman mwaka 1984, hukusanya vitu katika mistatili inayoweza kupandana, na kwa sababu hiyo utafutaji hulazimika wakati mwingine kufuata matawi kadhaa.

Sura ya nne ndiyo niliyoirudia mara nyingi. Humo Samet anafafanua njia aliyoikuza pamoja na Gísli Hjaltason: maeneo na vitu huwekwa katika foleni moja kwa kufuata umbali, kilicho karibu zaidi hutolewa kwanza, kikiwa eneo hufunguliwa, kikiwa kitu ndicho jibu. Kituo cha kwanza kikiwa kimefungwa, cha pili hupatikana bila kuanza upya, hata kama idadi inayotakiwa haikujulikana mapema. Ni wazo jepesi, na uzuri wake ulinigusa sana.

Kitabu hiki, hata hivyo, ni kizito kwa anayeanza. Algorithimu chache zilizoandikwa hatua kwa hatua zimo katika lugha ya mfano inayofanana na ALGOL, lugha ya zamani ya kuandikia programu, kwa hiyo mwanaprogramu atalazimika kuzitafsiri mwenyewe. Majibu ya mazoezi yaliyowekwa mwishoni yanasaidia mno, nami namshauri msomaji asiyapite, kwa kuwa hoja nyingine nzito zimefichwa humo.