Peugeot 504: shokapu zilisingiziwa tu

Mwambie fundi yeyote kwamba 504 yako inadunda, na jibu litakuwa shokapu. Yangu, saloon ya 1979, iliwekewa mpya za gesi kwenye gereji moja hapa Nairobi, ikatoka mbaya kuliko ilivyoingia. Kila kokoto nililisikia kiunoni, nyuma iliyumba kwenye kona, na ule mlio wa ko-ko-ko mbele haukwenda popote.

Hili ndilo gari lililompa Ove Andersson ushindi wa Safari Rally mwaka 1975. Utamu wake uko kwenye springi laini zinazopanda na kushuka mbali kabla ya kugonga. Ukiliwekea shokapu ngumu kama zile za gesi umeua hicho hicho ulicholinunulia.

Fundi wa pili alianza na mtaimbo. Aliupenyeza kwenye mkono unaoshika gurudumu la nyuma, akausukuma, nasi tukaona mpira wa bushi, ile pete ya mpira na chuma inayokaa kwenye kiungo cha mkono huo, umeachana kabisa na chuma. Kisha akaweka kiganja juu ya springi ya mbele huku kijana wake akizungusha usukani. Springi ikaruka: maunti ya juu, kile kishikizo kinachofunga springi na shokapu kwenye bodi, ilikuwa imekufa. "Mzee, shokapu zako zilisingiziwa tu," akasema.

Nikaenda Kirinyaga Road, Grogan kwa wenyeji, nikanunua seti ya bushi za mpira na maunti mbili. Muuzaji alining'ang'aniza za poliyurethani, aina ya plastiki ngumu kuliko mpira, nyekundu za kuvutia. Zinadumu, sikatai, ila hupitisha mtetemo wa barabara hadi kwenye bodi, na grisi ikikauka hulia. Za mpira zinatosha. Beba ile mbovu mkononi unapokwenda dukani, maana 504 za pikapu, za familia (zile ndefu za kubebea watu na mizigo) na hata baadhi ya saloon za bei nafuu zina ekseli nzima nyuma, chuma kimoja kinachounganisha magurudumu yote mawili, na bushi zake haziingiliani na za gari kama langu.

Kutoa za zamani kulikula muda kwa sababu ya kutu. Bila presi, mashine ya kusukumia bushi zitoke, tungekesha. Lakini kilichonifurahisha ni ukazaji. Bolti za bushi alizishikiza tu gari likiwa juu ya jeki, akalishusha likakanyaga chini, akaingia shimoni, ndipo akakaza. Mpira wa bushi umegandamana na bomba lake la chuma. Ukikaza magurudumu yakiwa yananing'inia, gari likishuka mpira unabaki umejipinda siku zote na huchanika mapema. Ukiona fundi anakaza kila kitu hewani, mzuie.

Baada ya alaimenti na shokapu za mafuta badala ya zile za gesi, gari linapita murami kimya, na kona linashika. Upande wa dereva bado umelala kidogo; hizo ni springi zilizochoka, na nitazibadilisha mbili kwa pamoja.

Bushi nazipa nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa sababu seti haikuja na bolti mpya, na za zamani zilikuwa zimeliwa na kutu.