Intel, AMD au Snapdragon: kibandiko hakitoshi

Nimetumia laptop za prosesa zote tatu kwa kazi zilezile. Anayeniuliza ipi bora humwambia anisomee kwanza namba nzima ya prosesa, asiishie kwenye kibandiko. Ushindani wa kampuni hizi umetuletea prosesa nzuri kuliko za zamani, lakini umezaa pia majina ya kuchanganya, na hapo ndipo mnunuzi anapoliwa.

Mtego mkubwa uko AMD. Kwenye Ryzen za laptop za mfululizo wa 7000, zilizotoka kwa ajili ya 2023, tarakimu ya kwanza ni mwaka, ya pili ni daraja, ya tatu ndiyo usanifu, yaani muundo wa ndani wa prosesa. Tazama 7520U, 7530U na 7540U. Kwa jina ni ndugu wa tumbo moja, kumbe ya kwanza ni Zen 2, usanifu wa AMD wa 2019, ya pili ni Zen 3 na ya tatu Zen 4. Hiyo 7520U ina kori (viini vya kuchakata) 4 tu, wenzake wana 6, na RAM yake huja imechomelewa kwenye bodi. Ukikosea ukubwa siku ya kununua, ndiyo basi.

Intel nao si malaika. Core 5 120U na Core Ultra 5 125U zinatofautiana kwa neno Ultra, lakini ndani ni vizazi viwili, ile isiyo na Ultra ikiwa ya usanifu wa zamani. Halafu i5-1335U na i7-1355U zote zina kori 10: 2 za nguvu na 8 za kubana matumizi. Kinachoongezeka hasa ni kasi ya juu kabisa, kutoka GHz 4.6 hadi 5.0. Kwangu mimi, hela hiyo bora uongezee RAM.

Sasa wati, yaani umeme ambao prosesa inautumia, jambo ambalo matangazo hayaligusi. i5-1335U imeandikwa wati 15, lakini inaruhusiwa kupanda hadi 55 kwa muda mfupi. Itakaa kwenye wati ngapi baada ya hapo ni uamuzi wa aliyetengeneza laptop, ndiyo maana laptop mbili zenye prosesa ileile hutofautiana kasi. Kupima, fungua HWiNFO, programu ya kuonyesha joto na wati, endesha Cinebench, programu ya kuipa prosesa kazi nzito, kwa dakika 10 huku chaja imechomekwa, na ufuatilie mstari wa CPU Package Power. Sekunde za mwanzo usizihesabu, tazama inapotulia. Joto likigonga karibu nyuzi 100 na kasi ikaporomoka, shuku vumbi kwenye feni au pesti ya kupitisha joto kutoka kwenye prosesa iliyokauka. Wati zikishuka huku joto liko 70 tu, kuna kikomo kimewekwa: hali ya kubana umeme kwenye mipangilio, kikomo cha kiwandani, au chaja ndogo. Hili la chaja huwasumbua wengi, kwani ya USB-C ya simu inaingia vizuri kabisa, betri inajaa polepole, na mashine inajipunguza kasi kimyakimya.

RAM moja badala ya mbili nayo huiponza prosesa bila kosa lake. Grafiki ya ndani hutegemea RAM hiyohiyo, na ukiweka kijiti kimoja njia ya data inabaki nusu. Kwa Intel yenye Iris Xe, grafiki ya ndani ya Intel, utaliona kwa jina: fungua Task Manager, na kama grafiki imeandikwa UHD ilhali prosesa yako ni ya Iris Xe, RAM iko upande mmoja. Ongeza kijiti cha pili cha ukubwa na kasi ileile.

Snapdragon X, iliyoingia sokoni Juni 2024, ndiyo iliyonifurahisha zaidi nikiwa mbali na umeme. Ukichomoa chaja, kasi haibadiliki sana. Programu za Windows zilizoandikwa kwa Intel na AMD huendeshwa kupitia Prism, kiigizaji kilicho ndani ya Windows, na nyingi zinakwenda vizuri. Draiva, programu za kuendesha vifaa, haziigiziki hivyo, lazima ziwe zimeandikwa kwa ARM64, aina ya prosesa ambayo Snapdragon ni mojawapo. Kwa hiyo kabla ya kununua hakikisha printa ya zamani, VPN ya kazini na kifaa cha leseni cha USB vina draiva hiyo. Wacheza gemu za mtandaoni wakague pia kama mfumo wa gemu wa kuzuia udanganyifu unakubali prosesa hizi.

Jibu la Intel lilikuja Septemba 2024 na Core Ultra 200V. Kwa laptop ya kubeba kila siku, ningechukua hii: betri inashindana na Snapdragon, na draiva za zamani zinakubali. Ila RAM iko ndani ya kifurushi cha prosesa, GB 16 au 32, bila nyongeza, chukua 32. Kori zake ni 8, kwa hiyo kwa kutoa faili la video ndefu uliyohariri au kukompaili (kugeuza msimbo kuwa programu), Ryzen AI 9 HX 370 yenye kori 12 itaiacha mbali.