Ditekta ya kutafutia hereni na pete kwenye uwanja wenye takataka: ipi ununue

Siku ya sendofu ya mdogo wangu, nyumbani Majengo hapa Moshi, hereni yake moja ya dhahabu ilidondoka uwanjani. Uwanja wenyewe una vifuniko vya soda vya miaka mingi, misumari iliyobaki mafundi walipoezeka bati, na vipande vya foili za nyama choma. Niliazima ditekta, mashine inayolia ikipita juu ya metali, yenye sahani (lile duara la mbele linalopitishwa juu ya ardhi) ya sentimeta 28. Kila nilipoipitisha ililia, na sikujua inalilia nini. Siku ya tatu nikafunga sahani ya inchi 6, nikawa naivuta polepole kama mtu anayepiga pasi. Karibu na shina la mgomba nikasikia mlio wa msumari, halafu pembeni yake kamlio kembamba, safi. Hereni ilikuwa imefukiwa kina cha vidole viwili tu.

Ndiyo maana ukitafuta vito vidogo penye takataka, usiulize kwanza mashine inafika chini kiasi gani. Uliza kama inaweza kutenganisha vitu viwili vilivyokaribiana. Sahani kubwa hufunika msumari na hereni kwa pamoja, na mlio wa chuma humeza ule wa dhahabu. Sahani ndogo hupoteza kina kidogo, lakini hereni iliyodondoka mwezi uliopita huwa haijazama mbali.

Jambo la pili ni namba zinazotokea kwenye kioo cha mashine, zinazokisia ni metali gani iliyo chini. Foili, kishikio cha kufungulia kopo la soda na pete nyembamba ya dhahabu huangukia eneo lilelile la namba. Ukiiambia mashine inyamazie foili, umeinyamazisha na hereni. Hakuna ditekta itakayokuondolea kazi hiyo, hata ya bei gani. Zuia chuma tu, mengine chimba. Kifuniko cha soda ni cha chuma lakini hudanganya, mara nyingi hutoa namba kubwa nzuri kama ya sarafu. Kipitishie ukingo wa sahani: mlio wake hukatikakatika, wakati wa pete kwa kawaida hubaki laini.

Halafu kuna udongo wetu. Meru na Kilimanjaro ni milima ya volkano. Buruta sumaku kwenye mchanga wa mtoni uone inavyorudi na ndevu nyeusi. Chembe hizo zenye chuma huifanya mashine ilie bila sababu, kwa hiyo uwezo wa kuisawazisha na udongo, yaani kuizoesha udongo wa pale ili isiulilie, ni lazima.

Namba moja kwangu ni Minelab Equinox 900. Hutumia masafa mengi (mawimbi ya mitetemo tofauti) kwa wakati mmoja, na kwenye boksi lake zimo sahani mbili, ya inchi 11 na ya inchi 6. Hiyo ndogo ndiyo unayoinunulia mashine hii. Inazama majini hadi mita 5, na hilo lina maana kwa watu wa huku. Pale kwenye chemchemi ya Chemka watu wanaogelea na pete zao, na kidole kikilowa pete huteleza. Bei yake ni kubwa, kwa hiyo inamfaa anayetaka kuwatafutia watu vitu vyao kwa malipo.

Namba mbili ni Nokta Simplex Ultra, na mtu wa kawaida ningemwambia aanzie hapa. Ina masafa mamoja, kilohezi 15 (kilohezi ni kipimo cha masafa), yanayosikia vito vidogo vizuri. Unaisawazisha na udongo mwenyewe, na majini inaingia. Sahani ndogo unainunua pembeni. Usiiache hata kama itabidi usubiri mwezi mmoja zaidi.

Minelab Vanquish 540 naiweka ya tatu. Nayo ina masafa mengi na hutumia betri za AA, zinazopatikana hadi duka la mtaani. Ila sahani tu ndiyo ya kulowa. Kichwa chake chenye kioo kikinge na mvua za masika.

Garrett ACE 300 ni imara na rahisi kujifunza, lakini ina kilohezi 8 tu na haikupi nafasi ya kuisawazisha na udongo. Kwa sarafu sawa. Kwa hereni kwenye udongo mweusi wa Arusha, inunue pale tu hela zinapogoma.

Kuna Minelab Gold Monster 1000, ambayo wauzaji huisifu sana. Kilohezi zake ni 45 na husikia dhahabu ndogo ajabu, hata cheni nyembamba ambayo mashine nyingi huikosa kwa sababu husikia kila kiungo cha cheni peke yake. Lakini haina namba, inakuonyesha tu kama ni chuma au si chuma. Kwenye kihamba (shamba la migomba la nyumbani) kisafi inafaa sana, kwenye uwanja wa baa utachimba foili mpaka jua lizame. Zile kubwa za wachimbaji, kama GPX 5000, ziache machimboni. Zinafika mbali chini, ila kubagua misumari ni udhaifu wao.

Kabla ya kulipa, nenda dukani na pete, hereni ndogo, cheni, msumari na kifuniko cha soda. Weka pete sentimeta 5 kutoka kwa msumari, pitisha sahani kutoka pande mbili, usikilize. Cheni ijaribu ikiwa imekunjwa, kisha ikiwa imenyooshwa, maana milio haifanani. Muuzaji akikataa jaribio hilo, tafuta duka jingine.

Bakiza hela ya kijiti cha kunusia, kifaa kidogo cha mkononi kinachoonyesha kitu kilipo ndani ya shimo, mfano Garrett Pro-Pointer AT. Bila hicho utachambua udongo kiganjani kwa nusu saa, na jembe linaweza kukata hereni uliyokwisha kuipata. Kwenye kihamba cha mtu omba ruhusa kwanza, na kila shimo lifukie kabla hujaenda jingine.