Nimelipia mapigo matano, nikapewa manne

Nimekaa na hasira hizi tangu kabla ya mfungo, wacha nizitoe. Kuna studio moja hapa Dar, jina silitaji, nilikwenda kurekodi "Take Five", wimbo wa jazi, kwa sinthesaiza tupu (kinanda cha kielektroniki), bila saksofoni wala dramu. Wimbo huo aliutunga Paul Desmond, na kundi la Dave Brubeck likaurekodi mwaka 1959. Unahesabiwa moja mpaka tano, ndipo unarudi moja. Uhai wake wote umo humo.

Sinthesaiza yangu ni ya zamani, hutoa noti moja tu kwa wakati. Kwa hiyo ule mzunguko wa piano unaojirudia chini ya melodi ilibidi niurekodi tabaka kwa tabaka: besi kwanza, kisha E-flati, G-flati, B-flati, kila noti na zamu yake, huku nazungusha kitufe cha filta, kile cha kuchuja sauti, polepole ili sauti ifunguke. Kazi ya jasho. Nilitoka pale usiku nimeridhika kabisa.

Siku ya kuchukua kazi, prodyuza ananiwekea wimbo siutambui. Kila mapigo manne unaanza upya, melodi imekatwa mkia, filta inakwaruza kama redio mbovu. Namuuliza, vipi tena? Hata hedifoni hakuvua: "Mzee, ulikuwa unazidisha biti. Nimekunyooshea."

Kuninyooshea! Hakuuliza, hakupiga simu. Kaiingiza kazi yangu kwenye gridi ya programu yake, ile mistari ya kupangia mapigo, kila pigo la tano akalifyeka. Nilipomwambia wimbo ndivyo ulivyo, akacheka, eti nani atasikiliza kitu hicho. Watu wanakisikiliza zaidi ya miaka 60! Nikamhesabia kwa kugonga meza, yeye macho kwenye simu.

Ningesema msikanyage pale kabisa, ila haki yao niwape: chumba chao kimya, na besi waliyoinasa sijawahi kuisikia nzito vile. Halafu kuna kijana msaidizi, mpole, alizitafuta rekodi za awali akazikuta nzima, akanifungulia nisikie. Mapigo yote matano. Nilitaka kumkumbatia. Nikawa tayari kusamehe, hata nyota nne ningewapa.

Bosi wake, yule yule prodyuza, akaja kudai hela nyingine, eti ya marekebisho. Marekebisho ya alichoharibu yeye mwenyewe! Nyota moja, na hiyo ni ya yule kijana. Ukienda, mwulizie yeye. Ukiambiwa hayupo, geuza.