Nakala ya Upanga wa Askari wa Kirumi: Uanze na Upi?

Anayetaka kununua nakala ya upanga wa Kirumi, iwe ya kutundika ukutani au ya maigizo ya vita yanayofanywa huko Ulaya, hana budi kukumbuka kwamba askari wa miguu wa Roma hakuutegemea upanga peke yake. Alirusha mkuki kwanza, akajikinga kwa ngao kubwa iliyopinda, ndipo akachomoa upanga kutoka ubavu wa kulia huku amebanana na wenzake. Nimezipanga aina nne kwa kuitazama kazi hiyo.

Ya kwanza ni ya Pompeii, inayoitwa kwa jina la mji wa Italia, ya karne ya 1 B.K. Ubapa wake, wenye sentimita 45 hadi 50 hivi, una makali yaliyonyooka sambamba na ncha fupi imara, kwa hiyo unachoma tumbo kupitia ukingoni mwa ngao na kukata pia. Udhaifu wake ni ufupi, kwani adui mwenye mkuki mrefu hukudhuru kabla hujamfikia.

Ya pili ni ya Mainz, inayoitwa kwa jina la mji wa Ujerumani, yenye kiuno, yaani ubapa uliopungua upana katikati, na ncha ndefu iliyochongoka. Kwa uzuri ndiyo naipenda zaidi, ila mafundi wengi hulikosea umbo lake.

Ya tatu ni ule upanga wa zama za Jamhuri ya Roma ulioigwa kutoka Hispania, mrefu zaidi ya sentimita 60. Livy, mwanahistoria wa Kirumi, anasimulia kwamba mwaka 200 K.K. Wamakedonia walishikwa na hofu walipoona maiti za wenzao zimekatwa mikono pamoja na mabega, na kwangu huo ni ushahidi kwamba Warumi hawakuchoma tu.

Spatha, aina ya nne ya upanga wa Kirumi, naiweka mwisho. Ni ndefu, ilimfaa mpanda farasi, na askari wa miguu waliipokea baadaye.

Kabla ya kulipa, uliza habari za msuka, yaani mkia wa ubapa unaoingia mpinini. Nakala yangu ya kwanza ilikuwa na msuka mfupi uliochomelewa skrubu, na siku ya pili ubapa ulichomoka mpinini na kuangukia hatua chache kutoka kwa mtoto. Msuka upite ndani ya mpini mzima na ugongwe kichwa upande wa pili. Chuma cha pua ni cha kutundika tu. Cha kaboni huvumilia mapigo, ila kipakwe mafuta kisishike kutu. Kwa mazoezi nunua wa mbao, kwani Vegetius, mwandishi wa Kirumi wa mambo ya vita, anaeleza kwamba kuruta wa Roma walipiga nguzo kwa panga za mbao zenye uzito maradufu.